Boriti Iliyobebwa Kimya

Mwaka 1955, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ya Kenya ilipopigana na Mau Mau, Mbaka na Nthiga walikuwa vibarua wa kujenga zahanati huko Runyenjes, Embu. Walibeba boriti nzito, Mbaka mbele, Nthiga nyuma. Walizoea kuimba kwa Kiembu, na wimbo ndio uliowaambia lini wainue na lini washushe. Kisha akaletwa askari wa kuwalinda. Kiembu hakukijua hata neno.

"Hizo nyimbo za kiapo cha Mau Mau!" akafoka. "Marufuku!"

Basi wakabeba kimya. Siku hiyohiyo boriti ikamponyoka Mbaka begani, ikamvunja vidole vya mguu.

Jioni mkewe, Mama Ednah, alimfunga kitambaa. "Baba Ednah, mmekosana na Nthiga?"

"Hatujakosana. Lakini ameachilia upande wake ghafla. Kwa nini? Mimi sielewi."

Siku zile jirani alimwogopa jirani. Labda Nthiga ametumwa kumdhuru? Lakini jana tu walikula githeri, mahindi na maharagwe, sahani moja! Mbaka alichanganyikiwa kabisa. Mguu ulimuuma, na kumpoteza rafiki kulimuuma zaidi.

Kesho yake alikuja Rage, dereva wa lori aliyeleta mbao kutoka Meru. Nthiga alikuwa naye, lakini alibaki mlangoni.

"Nani alisema shusha?" Rage aliuliza.

"Hakuna," Mbaka akajibu.

"Mimi nilifikiri anashusha," Nthiga akasema, "nikashusha."

"Na mimi bado natembea!"

"Wallahi, mngeuana bure," Rage akasema. "Mzigo wa watu wawili unataka sauti moja ya kuita. Kwanza angalieni njia. Mkiinua, kunjeni magoti, mgongo unyooke. Nyote wekeni mzigo bega la upande uleule. Ukiwa mzito sana, iteni wengine. Na asishushe mtu mpaka mwitaji aseme."

"Na yule askari?"

"Ita kwa Kiswahili. Atasikia mwenyewe."

Mbaka akamtazama Nthiga, akaona haya. "Ingia basi. Uji unapoa."

Mguu ulipopona, walirudi kwenye boriti. Mbaka akaita kwa Kiswahili.

"Inua!"

Askari akageuka, mkono kwenye bunduki. Mbaka akaendelea kuita.

"Twende! Polepole!"

Askari alisikiliza. Kila neno alilielewa. Mkono ukaiacha bunduki.

Walipokaribia ukuta, sauti ikaita, "Simama!" Haikuwa ya Mbaka. "Kuna shimo hapo mbele," askari akasema.

Wakasimama pamoja, wakalizunguka.

"Shusha!" Mbaka akaita.

Boriti ikatua, na hapakuwa na mguu wa mtu chini yake.