Udongo Mweupe wa Kisiwa cha Shakwe

Marita alikuwa akipepeta ulezi wa mbegu huku akiimba. Alikuwa na sababu. Binti yake Yunisi angeolewa baada ya mavuno, na harusi bila togwa ya ulezi ni aibu ya nyumba nzima.

Lakini shamba lao karibu na Ziwa Rukwa lilikuwa limechoka. Mumewe, Barnaba, aliona majani yanavyostawi kwenye kisiwa kidogo ziwani. Kisiwa kilijaa shakwe, ndege weupe wa majini, na udongo wake ulikuwa mweupe kwa mavi yao.

"Mbolea ya bure!" alisema. Akaenda kwa mtumbwi, akarudi na vikapu vinane.

Wanamwanga, watu wa kwao, hukata matawi, huyachoma, kisha hupanda ulezi katika majivu. Majivu mengi, ulezi mwingi. Basi Barnaba akayamwaga mavi yale kama majivu, mazito kama blanketi. Alijiona fundi kweli!

Wakapanda. Miche ilipotoka tu, ikawa ya njano, ikakauka. Marita akalia.

"Wageni wa Yunisi tuwape maji matupu?"

"Kesho nakwenda kuchoma majani ya kisiwa," Barnaba alisema. "Tutalima kulekule."

Kumbe siku hiyo alipita Mbonile, bwana shamba kutoka Ileje, akisukuma baiskeli yake matopeni. Alilitazama shamba, akatikisa kichwa.

"Baba Yunisi, haya si majivu. Mavi mabichi ya ndege ni makali, yanaunguza mizizi. Lakini ile miche ya pembeni mbona imestawi? Nani aliitunza?"

"Mimi," Marita alijibu. "Nilikung'uta vikapu tu, nikachanganya na udongo."

"Basi bwana shamba wa hapa ni wewe, mama!"

Marita akafuta machozi, akacheka.

Mbonile akataka kuona mavi yalikotoka, wakaenda kisiwani wote watatu. Barnaba alipotaka kushuka, Mbonile akapiga kelele, "Usikanyage!"

Mbele ya mguu wake palikuwa na shimo dogo lililotandikwa nyasi. Ndani yake kulikuwa na mayai matatu ya madoadoa.

"Shakwe hawa hutaga chini," Mbonile alieleza. "Wanapenda kisiwa kwa sababu mbwa na mbweha hawafiki. Ukichoma au ukilima hapa, watahama. Wakihama, mbolea utaitoa wapi? Subirini makinda yaruke. Kisha chukueni kidogo, kandokando tu. Changanyeni na udongo na majani makavu, mfunike mpaka harufu iishe."

"Na ulezi wa harusi?" Marita aliuliza.

"Mvua bado zipo. Ondoeni mavi yaliyo juu. Yatakayobaki, limeni yachanganyike na udongo, mpande tena."

Barnaba alirudi mtumbwini akinyata kama mwizi wa kuku.

Wakalima, wakapanda tena. Safari hii ulezi uliinamisha vichwa kwa uzito, na kisiwani makinda yakaruka salama.

Siku ya harusi mitungi ya togwa ilijaa mpaka mlangoni. Barnaba alisimama kuwashukuru wageni, amevaa koti jipya. Shakwe mmoja akapita juu. Pwa! Begani.

Barnaba akatoa leso.

"Usifute, Baba Yunisi!" Marita akaita. "Hayo mabichi. Acha yapoe, tuyapeleke shambani!"

Yunisi alicheka mpaka togwa ikamwagika. Barnaba ndiye aliyecheka kuliko wote.