Siku za Kwenda kwa Wakala

Simu ililia asubuhi, bibi akipuliza moto. Mjukuu wake wa darasa la saba alikuwa ameshavaa sare. Akaisoma meseji.

"Mama ametuma pesa, Bibi."

"Mungu amlinde mwanangu. Basi vua sare, mama, twende kwa wakala."

Msichana hakubisha. Alivua viatu polepole, akavipanga ukutani.

Mama yake alikuwa nchi ya mbali, akifanya kazi za ndani ili yeye asome. Bibi hakujua kusoma hata tarakimu. Namba ya siri aliijua mjukuu. Na mara nyingi wakala aliishiwa pesa, akawaambia, "Rudini kesho." Hata leo aliwaambia hivyo hivyo.

Jioni mwalimu alipiga hodi. Bibi akampa kigoda.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwalimu. Ada si tulilipa?"

"Mlilipa yote. Mtoto ndiye simwoni. Muhula huu amekosa siku kumi na moja. Leo amekosa jaribio la hesabu. Akiendelea hivi, mtihani wa mwisho utamshinda."

Bibi aliviangalia viatu vya shule pale ukutani.

"Kumbe pesa ya shule ndiyo inayomtoa shule," alisema kwa sauti ndogo. "Na mwanangu kule anajua mtoto anasoma."

Mwalimu hakumkaripia. "Hukukusudia, Bibi. Mwambieni mama mtu atume ada moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Ya matumizi kachukue mwenyewe. Akishatuma, akupigie simu. Chagua namba yako ya siri, uiweke kichwani, usiiandike popote. Tarakimu nitakufundisha."

"Kichwa hiki chenye mvi?"

"Mvi ziko nje, Bibi. Ndani bado pana nafasi."

Msichana akacheka, mara ya kwanza siku ile.

Wiki tatu bibi alichora tarakimu kwa mkaa sakafuni. Nane ilimtesa. Mjukuu aliushika mkono wake, wakaizungusha pamoja.

Mwezi uliofuata, siku ya Jumanne, bibi alipanga foleni peke yake. Wakala alimwelekeza kwenye simu mpaka penye namba ya siri, kisha akageuka pembeni asiione. Bibi alibonyeza tarakimu moja moja. Pesa ikatoka.

"Leo msomaji wako yuko wapi?" wakala aliuliza.

"Yuko darasani," bibi akasema. Akarudia tena, taratibu, kama anayemwambia mtu aliye mbali: "Yuko darasani."