Matanga ya Sweta

"Mpare, nasikia uliuza ng'ombe ili umshtaki jirani aliyekula kuku wako," roboti alisema. Alikuwa amekaa kitako sakafuni, miguu yake ya bati ameinyoosha mbele kama mgeni anayengoja sinia. "Sasa mkeo ameondoka na mwalimu wa kwaya. Utauza nini? Ng'ombe si ameisha?"

Mzee Senkondo, mwalimu mstaafu aliyekuwa hajala akashiba kwa miezi miwili, alikaza uso. Akaukaza tena. Kikamtoka kikohozi, na nyuma ya kikohozi kikaja kicheko kibaya chenye makamasi, akalia humo humo ndani ya kicheko mpaka miwani ikamdondoka.

"Mchaga mkubwa wewe," alisema alipopata pumzi. "Wewe ungemuuza wako kabla hajaibwa."

"Na risiti ningetoa."

Ukutani, sindano ya kipimachungu, kilichosoma machungu ya mzee kwa bangili aliyovaa mkononi, ilishuka kutoka tisini na mbili hadi sabini.

Daktari Nyamizi, aliyekuwa akitazama nyuma ya kioo, alitabasamu. Mzee Senkondo ndiye mgonjwa pekee aliyeruhusu kusikilizwa. Alisema siri yake inajulikana na kwaya nzima, sauti ya kwanza hadi ya nne, sasa daktari mmoja atamdhuru nini?

Hiyo ilikuwa Tabora ya mwaka 2131, mji ambao treni za sumaku zilipita juu ya mapaa bila kutikisa hata kikombe, na nyuki wa chuma walichavusha mashamba kwa zamu, wenye leseni na siku za mapumziko. Watu walitibiwa maini na mafigo kabla hawajajua kama wanaumwa. Lakini mtu aliyesalitiwa na mwenzake alikuwa bado anapewa dawa ile ile ya mababu: "Vumilia."

Nyamizi aliliwaza hilo miaka kumi. Aliona kwamba aliyefiwa huletewa ugali, aliyesalitiwa huletewa umbea. Imani yake imekufa, lakini hakuna anayekuja kumkalia matanga. Basi akaunda roboti wa matanga, akamwita Mtani, kwa sababu msiba wa huko kwao haujakamilika mpaka watani wafike, wamkejeli marehemu, walale kaburini na kukataa kutoka mpaka wapewe haki yao. Mtani alijua kugeuka. Akija Mpare, yeye Mchaga. Akija Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Alimtania mgonjwa mpaka kifua kifunguke, na mwisho alidai haki yake: kitu kimoja kilichobaki cha yule msaliti, pete, kanzu, hata mswaki. Vitu hivyo vilihifadhiwa ghalani. Mara moja kwa mwaka, Jumamosi saa nne asubuhi, moto uliwashwa uani na kila mgonjwa akachoma cha kwake.

Kulikuwa na kanuni ya saba, aliyoiandika Nyamizi kwa mkono wake: Mtani hasemi siri ya mgonjwa. Wagonjwa walikuwa namba tu. Hata siku ya moto, madaktari walibaki ndani, mapazia yamefungwa, wasione sura.

Na katika namba zote, Nyamizi aliipenda 312. Mtu huyo, yeyote yule, aliingia na machungu tisini na nane, akatoka baada ya ziara nane akiwa na kumi na moja. Nyamizi alimtolea mfano kwenye mkutano wa madaktari, akapigiwa makofi, naye akajipigia.

Ijumaa, kesho yake ikiwa siku ya moto, aliingia ghalani kuhakiki masanduku. Alipofungua la 312 alikuta sweta la kijivu. Alilinyanyua. Mkono wa kushoto ulizidi wa kulia kwa vidole viwili, na karibu na kiwiko palikuwa na kifundo pale uzi ulipokatika akauunga kwa haraka, kwa sababu mumewe alikuwa anasafiri alfajiri na mabehewa ya sumaku yalikuwa baridi kama jokofu. Sweta lile alilifuma yeye. Ndilo sweta pekee alilowahi kufuma.

Alikwenda nyumbani kula chakula cha mchana kama kawaida. Mihayo, mkaguzi wa treni, mume wake kwa miaka ishirini na sita na baba wa watoto wake pacha, alikuwa ameshapika.

"Baba Kulwa," Nyamizi alisema, "lile sweta lako la kijivu liliishia wapi?"

"Si nilikwambia, mama Kulwa? Nililisahau kwenye behewa, Kigoma." Akamwekea paja la kuku kwenye sahani. "Kula bwana, umekonda. Kazi ya kubeba machungu ya watu itakumaliza."

Alisema bila kupepesa. Nyamizi alilitazama paja. Kwa miaka ishirini na sita paja lilikuwa lake, Mihayo akijisingizia kupenda shingo. Sasa hakujua ni mapaja mangapi yalikuwa ya mapenzi na mangapi yalikuwa ya kufunika.

Hakumuuliza zaidi. Alirudi kazini, akajifungia na Mtani.

"312 ni nani?"

"Sijui."

"Unajua."

"Basi najua, sisemi. Kanuni ya saba. Iliandikwa na Mnyamwezi mmoja mwenye kichwa kigumu, labda unamfahamu."

Nyamizi alivua shingoni ufunguo mama, kigae cha kioo kisichozidi punje ya hindi. Ukiuchomeka, Mtani angesema kila kitu. Lakini angesema chote, cha wagonjwa elfu nne, maana Nyamizi aliutengeneza hivyo makusudi, ili asitokee mtu akashawishika kufungua kwa ajili ya mmoja. Wakati ule alikuwa akiwafikiria watu wengine.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ziara ya tatu, jina lilipotajwa."

"Na hukuniambia."

"Kila asubuhi nilikutania. Nilisema, Mnyamwezi, mumeo siku hizi mbona hasikii baridi, au treni zimewekwa jiko la mkaa? Nikasema, mwanamume anayejipigia pasi mwenyewe ana harusi au ana kesi. Nikasema Kigoma imesogea, maana zamani alikuwa akirudi Jumanne." Macho ya Mtani yalipungua mwanga. "Ulicheka. Siku ile ya pasi ulimwaga chai."

Alikumbuka. Aliikumbuka hata chai. Kumbe alisalitiwa mchana kweupe, akaambiwa mchana kweupe, na akashukuru kwa kuchangamshwa. Wa kwanza kumsaliti alikuwa mumewe. Wa pili ni mashine aliyoipa uaminifu kwa mkono wake, na kosa la mashine ni kuwa mwaminifu. Afadhali angepata mtu wa kumtukana.

Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akavaa bangili ya kipimachungu. Sindano ikaruka hadi tisini na saba.

"Nitanie."

"Mnyamwezi akiona mzigo kichwa kinamuwasha," Mtani alianza. "Mumeo alikuwa mzigo, ukambeba miaka—"

"Miaka ishirini na sita bila kuuliza unakwenda wapi," Nyamizi alimalizia. "Jingine."

Akaanza jingine. Akalimalizia nalo. Kila utani wa Mtani aliufundisha yeye, akaujua tangu ungali pembeni mwa mlango. Sindano haikutikisika. Kinyozi hajinyoi.

Jumamosi, moshi ulipoanza kupanda uani, Nyamizi alitoka ofisini, ufunguo mkononi. Mtani alikuwa amelala chali mlangoni, kama watani wanavyolala kaburini.

"Hapiti mtu," alisema.

"Nataka kumwona tu anayechukua sweta."

"Daktari haruhusiwi."

"Basi nitachomeka ufunguo."

"Unaweza. Utasikia ya 312, na ya mzee Senkondo, na ya elfu nne waliokuamini. Utakuwa umefanya alichofanya Mihayo, ila kwa wingi." Mtani hakuinuka. "Daktari haruhusiwi, lakini huu ni moto wa wafiwa. Mfiwa hazuiwi kwenye matanga yake. Hutoa haki ya mtani, akapita."

"Sina kitu chake cha kutoa."

"Unacho kinachokuuma mkononi."

Nyamizi akainama, akaweka ufunguo kwenye kiganja cha bati. Mtani akafunga vidole. Kikasikika kioo kikisagika. Akabiringika pembeni, akapisha.

Uani walikuwa watu kama thelathini, kila mmoja na kitu chake, hakuna anayemtazama mwenzake. Namba zikaitwa. Ilipoitwa 312, akasogea mwanamke wa umri wa Nyamizi, mwenye ovaroli la mafundi wa nyuki wa chuma na pengo mbele. Alipokea sweta, akaja kusimama karibu na moto, bega kwa bega na Nyamizi. Hakulitupa.

"Wewe mbona mikono mitupu, dada?" aliuliza.

"Changu nimekitoa mlangoni."

"Heri yako. Mimi huyu mtu nimeshamaliza naye, siku nilipojua ana mke nilimfukuza na viatu mkononi. Ila hili sweta linanishinda. Hebu ona mkono huu, umezidi. Aliniambia alifumiwa na mama yake, kabla hajafa. Nikawaza, yule mama alikuwa na haraka mtoto asipigwe baridi. Nimemwombea kila Ijumaa, miezi sita."

Mama mkwe hakuwahi kushika sindano ya kufumia maishani mwake. Nyamizi aliangalia moto.

"Hakufuma mama yake," alisema. "Nilifuma mimi."

Mwanamke akamtazama usoni, akashuka mpaka vidoleni, akalitazama sweta. Hakuomba samahani, na Nyamizi hakuwa na mahali pa kuiweka.

"Kabila gani wewe?" mwanamke aliuliza, sauti imekwaruza.

"Mnyamwezi."

"Mimi Mzaramo. Mwamvua." Akameza mate. "Basi, mtani, miezi sita nimemwombea rehema za marehemu mtu aliye hai na mwenye afya, na kufuma kwenyewe hajui."

Utani huo Nyamizi hakuwa ameufundisha kwa yeyote. Ulimpiga chini ya mbavu kabla hajauona. Akakohoa, na nyuma ya kikohozi kikaja kicheko kibaya, chenye makamasi, na ndani yake kilio cha tangu jana. Bangili ilikuwa bado mkononi, lakini hakuna aliyeiangalia.

"Ningejua mtalivaa wawili," alisema alipoweza, "ningefuma mikono minne."

Mwamvua alicheka, pengo wazi, machozi yanamwingia mdomoni. Kisha akalikunjua sweta mbele ya moto, akashika mkono wake wa kulia, akamnyooshea Nyamizi ule wa kushoto.

"Shika huo mrefu," alisema. "Ulikosea mwenyewe."