Kifusi cha Mustapha

Asma alisimama juu ya rundo la mabati yaliyojikunja kwa moto, dera la zambarau kalifunga fundo kiunoni, buti za mpira zimejaa majivu, akiwaelekeza vibarua wake pa kuanzia kuzoa kifusi. Soko la Majengo, Dodoma, lilikuwa limefurika. Kila aliyepita na kikapu alisimama kutazama mabaki ya lile jengo la mashine ya kusaga, lililokaa tupu miaka mingi hadi moto ulipolimaliza. Harufu ya mkaa uliolowa ilifika mpaka kwenye mafungu ya nyanya.

"Mwenye jengo huyo anakuja," dereva wake, Methusela, alimwambia.

Asma akageuka, na moyo ukampasuka. Mustapha! Shati jeupe lililonyooka kwa pasi, ndevu zimechongwa, na yale macho ya usingizi yaliyowahi kumfanya asahau chumvi kwenye mboga.

Mustapha naye aliduwaa. "Kumbe hii tipa ya kubebea kifusi ni yako," akasema taratibu. "Hujambo, mke wa watu?"

Mke wa watu! Yaani ana uso wa kumkejeli! Huyu ndiye aliyeahidi kuleta posa Kondoa miaka mitatu iliyopita. Shangazi zake Asma walitwanga viungo, majirani wakaazimana mikeka, baba yake akakaa barazani na kanzu yake tangu asubuhi hadi magharibi. Hakutokea mtu. Baba akamkataza kupiga simu, kwa kuwa upande wa binti haumfuati mchumba. Kila Asma alipokwenda bombani, wanawake walimuuliza kama wageni wake bado wako njiani. Ndipo alipohamia Dodoma, akajitafutia maisha, na akaapa kwamba siku moja Mustapha naye atachekwa. Leo Mungu kamleta kwa miguu yake mwenyewe.

"Sijambo," akamjibu kwa tabasamu. "Kazi yako tutaifanya vizuri sana."

Ukuta wa mbele ulikuwa umeinama, ukiwatishia wauza mboga. Serikali ya mtaa ilikuwa imeamuru kifusi chote kiondolewe ifikapo Ijumaa, la sivyo kiwanja kingefungwa, na Mustapha angeagana na ndoto yake ya kuacha kulangua mahindi kwenye soko la nafaka la Kibaigwa na kufungua duka mjini. Asma alilijua hilo. Adhuhuri, kazi ikiwa haijafika hata nusu, akamrudishia malipo yake, akawapakia vibarua na kuondoka. Kisha akawapigia simu wenye tipa wote aliowafahamu. Methusela alimwambia amezidisha. Yeye akasema bado.

Kila Mustapha alipopiga simu, aliambiwa gari ni bovu. Mwishowe akanunua koleo, akakodi mkokoteni, akaanza kuzoa mwenyewe. Na Asma? Kila alasiri alikuja amejipodoa, wanja machoni, mtandio wa njano, akakaa juu ya kreti ng'ambo ya barabara akinywa kahawa ya tangawizi. Wauza vitunguu walimcheka Mustapha waziwazi. Asma alifurahi, tusidanganyane. Hata usingizi ulikuwa mtamu siku hizo.

Alhamisi Mustapha akavuka barabara, viganja vimechubuka.

"Asma, nimekukosea nini?"

"Waulize washenga wako njia ya Kondoa waliipotezea wapi."

"Mshenga si alikuwa mjomba Ibrahimu? Alifika kwenu. Akarudi akaniambia mmeshapokea posa ya mwingine. Ningempigiaje simu mke wa mtu?"

Asma aliweka glasi chini. "Mimi sijawahi kuolewa, Mustapha."

Mustapha akatoa simu palepale. Akampigia mjomba wake na kufungua spika. Asma akaichukua simu, sauti laini.

"Shikamoo, mjomba. Ni Asma wa Kondoa. Siku ile ulipoleta posa, nani alikupokea?"

"Marahaba. Eeh... mama yako, mwanangu. Akanipa na maji ya kunywa."

"Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili."

Simu ikakatwa. Mustapha hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mjomba alitaka Mustapha amwoe binti wa mshirika wake wa biashara ya mahindi, naye alikataa, akabaki mpweke miaka yote hiyo.

Asma hakumwangukia kifuani. Alimgeuzia hasira zote. Alimwambia kwamba aliamini maneno ya mtu mwingine wakati namba yake anayo. Mustapha akasema aliona aibu, na kwamba hata Asma mwenyewe alikuwa na simu na hakupiga. Wakatazamana. Asma ndiye aliyecheka kwanza, machozi yakamharibia wanja.

"Usifikiri nimekusamehe, mpenzi," akasema. "Nimebadilisha tu wa kumlipizia kisasi."

Ijumaa asubuhi tipa zikaja kwa mfululizo, na magari yote yaliyokuwa mabovu yakawa mazima. Ukuta ukaangushwa, mabati yakapakiwa. Miongoni mwa wazoaji alikuwamo Mzee Ibrahimu, aliyeitwa na Mustapha na kukabidhiwa koleo na Asma mbele ya soko zima. Methusela, asiyejua kufunga mdomo, alikuwa ameshawaeleza watu sababu. Mzee alizoa majivu hadi kiwanja kikawa cheupe.

Baada ya hapo Mustapha akaenda Kondoa kuposa kwa kinywa chake mwenyewe. Wazee walinung'unika kwamba hayo si mazoea, lakini baba yake Asma alimsikiliza hadi mwisho. Mjomba alikaa kwenye kona ya mkeka. Kisha Asma akaitwa aulizwe kama amekubali. Kwa kawaida binti hutazama chini na kunyamaza, na kimya chake huwa ndiyo jibu. Mashangazi walishaweka mikono midomoni kupiga vigelegele.

Asma aliinua uso. Kimya kilikuwa kimemponza vya kutosha.

"Baba, Mustapha namtaka," akasema, sauti ikafika hadi kwa majirani. "Ila huyo mjomba wake simtaki harusini."

Mzee Ibrahimu akamtazama mpwa wake, akangoja atetewe. Mustapha akamgeukia Asma. Mzee akainuka, akaenda mlangoni kutafuta viatu vyake.