Kidonge cha Pili

Ramadhani ya mwaka 2003 nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi zote za nyumba yetu ya Buyenzi zilikuwa zangu: kuchota maji, kupika futari, kumpa bibi dawa. Mama alikuwa amekwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka, kununua vitenge, na vita vikafunga barabara ya Gatumba kabla hajarudi.

Bibi Khadidja alikuwa na maradhi ya kusahau. Mimi mjukuu wake alishanisahau. Saumu, ajabu, hakuisahau hata siku moja. Nilimsihi ale mchana, akakataa. Tulikaa wawili tu ndani ya nyumba, naye akiniita "mgeni". Jamani, iliniuma!

Dawa yake ilitumwa na Mjomba Huseni kutoka Ubelgiji: kidonge kimoja kila jioni, baada ya kula. Nikajiambia, ikiwa kimoja kinasaidia kidogo, viwili vitamkumbusha jina langu. Nikaanza kumpa cha pili wakati wa daku.

Siku ya nne bibi alitapika na kuharisha. Siku ya tano, mchana, aliinuka mkekani, akaanguka puu! Nikapiga kelele. Jirani yetu, Mama Mwanvua, akaja mbio.

"Ni saumu tu!" alisema. "Mutu muzee hivi, nani alimuruhusu afunge? Umupe uji, alale. Jioni umupe dawa yake."

Kila aliyeingia alisema hivyo hivyo. Ningenyamaza, hakuna ambaye angenigombeza. Lakini mkono wa bibi ulikuwa wa baridi, na upande huu wa mpaka sikuwa na ndugu mwingine.

"Apana, Mama Mwanvua," nikasema huku nalia. "Si saumu. Mi nilimupa dawa mara mbili."

Akaitwa Mama Dévote, muuguzi wa mtaani kwetu. Alisoma pakiti ya dawa, akashika mkono wa bibi, akahesabu mapigo.

"Moyo unapiga polepole mno," alisema. "Hata kidonge kimoja cha dawa hii huwatia wengine kichefuchefu. Ikizidi, inatapisha, inaharisha, inaangusha mtu. Tungemwongezea jioni, tungemzika."

Tukambeba hadi zahanati. Alitundikiwa dripu siku tatu; ya nne akaketi, akanywa uji. Jina langu bado hakulijua.

Mama Dévote akaniketisha pembeni, nikamweleza kwa nini nilimpa bibi cha pili. "Raihana, dawa haizidishwi kwa sababu unampenda mgonjwa. Umefanya vema kusema kweli; ndiyo iliyomwokoa. Lakini mbona hukuniambia kwamba nyumbani huna wa kuongea naye?"

"Nilidhani hilo si ugonjwa," nikasema.

"Basi kuanzia leo, ukitoka shule unapita kwangu kwanza. Upweke mtu humwambia mwenzake, mwanangu. Hautibiwi kwa vidonge vya bibi."