Zebaki ya Mdoe

Chai ya Fatu ilianza kuwa na ladha ya chuma. Akabadilisha sufuria, akabadilisha maji, ladha ikabaki palepale. Kisha nyumba yao ya Masuguru, Korogwe, ikaanza kunuka samadi mbichi, na wao hawakufuga hata kuku.

Mumewe, Mdoe, alikuwa akichimba dhahabu Handeni tangu serikali ilipowafungulia watu binafsi uchimbaji. Maji ya kuoshea dhahabu, yenye zebaki, aliyaelekeza kwenye lambo walikoteka wafugaji. Hosiana, mtaalamu wa kemia, alimwonyesha ajionee mwenyewe: alitia rangi ya kupimia zebaki kwenye maji ya lambo, akayamulika kwa taa, na maji yakawaka rangi ya machungwa. "Yakiwaka hivi, mzee, kuna zebaki," alimwambia. "Watu watakufa."

Mdoe alivunja chupa za Hosiana, akamfukuza. Mwaka haukuisha, Naserian, mke wa Lesiamon mfugaji, akafa akitetemeka, hawezi hata kushika kikombe.

Sasa, mchana kweupe, Fatu alianguka jikoni, na alipoinuka mikono yake ilikuwa ikitetemeka, naye akinena Kimasai, lugha asiyoijua hata salamu yake, kwa sauti ya mwanamke mwingine, huku nyuma ya nyumba zikilia kengele za ng'ombe ambao hakuna jirani aliyewaona.

Bibi Chausiku, mganga, alifukiza ubani, akaagiza Lesiamon aitwe atafsiri. Lesiamon alipoisikia ile sauti, alikaa chini.

"Ni mke wangu," alinong'ona.

"Anataka nini?" mganga aliuliza.

"Mdoe aseme kama alijua habari ya yale maji. Akisema kweli, ataondoka."

Mdoe aliwatazama majirani waliojaa mlangoni. "Sikujua," alisema. "Wallahi sikujua."

Kengele zilinyamaza. Fatu akafumbua macho, akauliza kwa sauti yake mwenyewe kwa nini watu wamejaa. Mdoe alishusha pumzi, akafungua kinywa amshukuru mganga, na kilichotoka kikawa Kimasai, kwa sauti ileile ya mwanamke, kikimiminika bila kituo huku mikono yake ikianza kupigapiga mapajani na macho yake yakiwaomba watu msaada mmoja baada ya mwingine.

Chausiku alisogeza chetezo kando. "Anasemaje, baba?"

Lesiamon aliinuka, akajifunga shuka lake vizuri.

"Anasema humu hatoki."