Kifua cha Mama Mshonaji

Kila akitoka shule, Sindano alipitia kibandani kwa mama yake mshonaji. Jina hilo alilipata kwa wembamba wake, na kwa kuwa yeye ndiye aliyemtungia mama uzi. Mama alikula upesi upesi palepale mezani, kisha akainamia cherehani, mkanda umembana tumboni.

Siku moja cherehani ilinyamaza ghafla. Mama alikuwa amejishika kifua, uso umemkunjamana.

"Panaungua tu hapa," alisema. "Usimwambie baba yako, mwanangu. Atanikataza kazi."

Sindano aliogopa. Fundi viatu, jirani yao, aliwahi kujishika kifua vivyo hivyo, akaanguka, hakuamka tena. Tangu siku hiyo Sindano alimchunga mama kama yai. Kila mama alipomaliza kula, alimlaza chali ili moyo upumzike. Lakini kadiri alivyomlaza ndivyo maumivu yalivyozidi, naye akawa anamtegea sikio asikie kama bado anapumua. Siku mama alipokurupuka akipaliwa, macho yamemtoka, Sindano hakuweza tena kunyamaza. Alimkimbilia baba karakanani, akamweleza yote huku akilia.

Baba hakugomba. Aliwapeleka zahanati. Daktari, mama mmoja mpole, alimpima mama moyo kwanza, na Sindano akauona muda huo mrefu kuliko muhula mzima. Kisha daktari akamuuliza mama maumivu huja lini, na kama maji makali humpanda kooni. Mama alisema huja akishakula, na maji hayo humpanda kweli.

"Moyo wako mzima," daktari alisema. "Hii ni asidi ya tumbo. Mlango wa juu wa tumbo umelegea, basi asidi inapanda na kukuunguza. Ukishakula ukainama, ukajibana mkanda au ukalala papo hapo, unaifungulia njia."

Sindano aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyekuwa namlaza."

"Kumbe nesi wetu ndiye aliyekuwa anamzidishia mgonjwa," baba alitania.

Daktari alimwandikia mama dawa, akamwagiza ale kidogo kidogo na akae wima baada ya kula. Kisha akamgeukia Sindano.

"Unampenda mama yako, ila uliogopa peke yako. Maumivu ya kifua usiyafiche, hata ukiombwa. Yapo ya asidi na yapo ya moyo, na kwa kutazama tu hata mimi siwezi kuyatofautisha."

Mama alifungua mkanda wake, akampa Sindano.

"Haya, nesi. Kauweke mbali."